Mzee Aliyetaka Picha ya Moshi

Wengine husema nilichoka kukodolea macho kompyuta. Waseme. Ilikuwa saa nane mchana, nilikuwa macho kabisa, na chai yangu ilikuwa bado moto.

Kazi yangu katika ofisi moja hapa Nyamira mjini ni kutazama picha za setilaiti. Kiangazi kikiingia, vumbi hutoka kaskazini, na moshi wa nyasi na miwa hutoka upande wa Transmara. Nikiona unatujia, napigia zahanati simu ili wenye pumu wakae ndani. Basi. Picha zile hupigwa kutoka juu sana, mlima mzima unaonekana kama kikunjo cha shuka. Nyumba ya mtu huioni hata ufanyeje, na hilo ulikumbuke.

Siku hiyo aliingia mzee mwenye koti la kijivu, ananuka moshi, akaketi kando yangu bila kukaribishwa. Nikamshuku papo hapo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, sakafu yote matope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Madam, nionyeshe Kebirigo."

Nikamwonyesha kijiji hicho. Wallahi, picha ilikuwa safi, hakuna kitu. Akagusa skrini, na chini ya kidole chake ukatokea moshi mwembamba, unatoka kwenye paa la mabati. Paa! Niliona mpaka kutu yake.

"Hapo ni kwa Kemunto," akasema. "Anaroga watu. Nichapishie hiyo, waamini."

Huku kwetu ajuza akishaitwa mchawi, kinachofuata ni petroli na kiberiti. Nani angebishana na picha iliyotoka angani, tena imetoka ofisini? Nikamdanganya kwamba printa imeharibika. Akanitazama, akatazama tena printa.

"Hata wewe una nyumba," akasema, akatoka. Moshi ukafutika kwenye skrini. Kitini aliacha majivu.

Wewe ungekaa tu? Mimi nilipanda pikipiki hadi Kebirigo, nikaulizia kwa Kemunto kama jamaa yake. Nikamkuta ajuza ameketi mlangoni anachambua mboga. Paa lilikuwa lile lile, na kutu ile ile. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mgeni wangu. Hata hakushtuka.

"Koti la kijivu, kifungo cha juu hakipo?"

"Ndiyo, nyanya."

"Huyo ni mume wangu. Aliteketea na nyumba yetu ya zamani, mimi nikiwa sokoni. Anataka nimfuate kwa njia ile ile. Alianza kwa mchungaji, akaenda kwa chifu, watu wa kuaminiwa. Sasa amefika kwenu."

"Nao walimkatalia?"

"Walimkatalia." Akaendelea kuchambua mboga. "Halafu wakahama, mmoja mmoja."

Sikupenda alivyolisema hilo, na nakiri hata yeye nilianza kumshuku. Lakini jioni ile ile nilimpeleka Mosocho kwa binti yake. Yuko huko mpaka leo, mzima, anauza mboga.

Mimi ndiye sina raha. Siku hizi nalala na ndoo ya maji mlangoni, na wanangu nimewafundisha kutokea dirishani. Kila asubuhi, kabla ya kuangalia Transmara, naangalia Nyamira mjini kwanza.

Juzi nilikuwa uani naanika nguo, mwenzangu wa Kisii anayefanya kazi kama yangu akanipigia.

"Kuna mzee hapa, amegusa skrini yangu ikatokea picha ya ajabu. Moshi unatoka kwenye nyumba huko kwenu Nyamira. Juu kuna tangi la bluu na antena iliyopinda. Unaijua ni ya nani?"

Niliinua macho. Tangi langu ni la bluu. Antena ilipindwa na upepo mwaka jana, nami sijapata fundi.

"Mwambie printa imeharibika," nikasema. "Tafadhali."

Nyuma yake nilisikia mashine inachapa.

Kwa hiyo nawe uliyesoma mpaka hapa, siku utakapoletewa picha ya moshi juu ya nyumba yenye tangi la bluu, na kuambiwa mwenye nyumba ni mchawi, usichukue kiberiti. Mtazame kwanza viatu aliyeileta.