Siku Moja kwa Kitindamimba

Dada Pasi hakufukuzwa kazi. Niliseme hilo mapema, maana watu wa kwao wana midomo. Alikuwa ugenini, akipiga pasi mashuka kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofulia mahoteli, mpaka tajiri alipoleta mashine inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili limenyooka na kukunjwa. Wapiga pasi wote walisimama kuitazama. Mmoja akasema huyo ndiye mfanyakazi, hanywi chai wala haumwi mgongo. Wakacheka, na mikataba yao ilipokwisha hakuna aliyeongezewa.

Chumba alichopanga kilikuwa na vitanda vitatu. Kimoja chake, kimoja cha msusi, na cha tatu cha mwanamke aliyepika kwenye jiko la hospitali. Hakukipenda chumba kile. Dirisha lake halikufungika sawasawa, likakazwa kwa kitambaa, na kila msimu wa baridi wenyewe waligombana nani alale karibu nalo. Sasa siku ya kuondoka ilipofika, mwenzangu, akashindwa kujielewa. Sufuria alimwachia mpishi, blanketi akampa msusi, kisha akakaa kwenye godoro tupu akalilia dirisha lile lile. Msusi akamtania kwamba kama analipenda hivyo walifungashe, ila mizigo itazidi. Walimsindikiza hadi kituo cha basi, wakakumbatiana, na wote watatu walijua hawataonana tena.

Ndege ya kwenda kwao ilikuwa inaondokea mji mwingine, safari ya basi ya usiku kucha. Wenzake walidhani anasikitikia kazi. Kumbe moyo wake ulikuwa umeshatangulia huko mbele, kwa sababu katika mji huo alikuwapo Kitindamimba, na Dada Pasi alikuwa na siku moja tu ya kumwambia kwamba yeye ndiye mama yake.

Ndiyo, mama yake. Kwao kila mtu alimjua Kitindamimba kuwa mtoto wa mwisho wa mama yake Dada Pasi, na jina lenyewe lilitoka hapo. Lakini aliyebeba ile mimba alikuwa Dada Pasi, akiwa msichana wa shule. Mama yake hakumpiga wala hakumfukuza. Alimchukua kimya kimya wakaenda kukaa kwa shangazi, na waliporudi, mama ndiye aliyekuwa na kichanga mgongoni, binti anabeba mabegi. Majirani walihesabu vidole, wakanong'ona, wakachoka. Binti akarudi shule. Mtoto akakua anamwita dada, anamwamkia shikamoo, naye anaitika marahaba huku roho inamchoma.

Alijaribu kuidai haki yake mara moja, mtoto alipoanza kuota meno. Mama yake akamjibu kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwamba yeye akiwa hai neno hilo lisitamkwe. "Nikifa, fanya utakavyo," alimwambia. Basi. Mwaka uliopita mama huyo alifariki. Dada Pasi hakupata ruhusa ya kwenda mazikoni. Alilia akipiga pasi, mashuka ya watu yakachukua machozi. Na katikati ya kilio chake (Mungu amsamehe, mimi simhukumu) alijua kwamba mdomo wake umefunguliwa.

Kitindamimba alimpokea stendi. Kijana mrefu, ana nguo za kazi zenye mifuko kila mahali, mikono imeingia grisi. Alikuwa fundi wa lifti. Akamwamkia, akambebea begi juu juu kama la mtoto, akaanza kumwonyesha mji kana kwamba ni yeye aliyeujenga. Barabara ya maduka ya vitambaa. Mgahawa anaokula mchana, ambako mwenye mgahawa alitoka jikoni kumsalimia mgeni. Chumba chake, kitanda kimoja na vyuma vya lifti chini ya kitanda. Kila walipokutana na mtu, kijana alisema kwa fahari, "Huyu ni dada yangu mkubwa." Kila aliposema hivyo Dada Pasi alitabasamu, akawa anatafuta pa kuanzia. Mgahawani hakuweza, kulikuwa na kelele. Chumbani alifungua mdomo, jirani akagonga kuomba nyundo.

Mchana Kitindamimba akampeleka kwenye jengo refu ambalo lifti zake zilikuwa chini ya uangalizi wake. Alitaka aone mji kutoka juu. Dada Pasi akasimama mbele ya mlango wa lifti, hataki kuingia. Akauliza nani aliyeitengeneza mara ya mwisho. Kijana akajipiga kifua.

"Basi tupande ngazi," alisema Dada Pasi.

Wakacheka mpaka mlinzi akawageukia. Akaingia hata hivyo, akamshika kijana mkono njia nzima, na hakuuachia walipofika juu.

Huko juu ya paa kulikuwa na upepo na matangi ya maji. Wakakaa kwenye ukingo wa zege, kijana akatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaanza kumzungumzia mama. Alisema siku ya msiba alikuwa chini kabisa, ndani ya shimo la lifti, simu haishiki. Alipotoka akakuta amepigiwa na ukoo mzima, akajua kabla hajaambiwa. Alirudi shimoni akakaa huko, maana ndipo mahali pekee ambapo mtu mzima angeweza kulia bila kuonekana.

Dada Pasi akaona saa yake imefika. Alimwambia kuna jambo ambalo amelibeba miaka mingi. Kijana akamwomba asubiri kidogo, aanze yeye, kwa kuwa akinyamaza sasa hataweza tena.

Akaeleza kwamba amepata mchumba. Wazee wa binti wanataka kumwona mzazi, nao wameambiwa baba na mama wote wamekufa. Halafu akainamisha kichwa, akasema kitu ambacho Dada Pasi hakukitegemea. Alipokuwa shuleni, wenzake walikuwa wakimzomea kwamba yeye si mtoto wa mama yake, ameokotwa kwa watu. Alipigana nao, akang'olewa jino. Siku hiyo alirudi nyumbani damu zinamtoka akamuuliza mama moja kwa moja.

"Mama aliniapia," alisema. "Aliweka mkono kwenye titi lake, akasema hili ndilo ulilonyonya, na asiyeamini na aje aniulize mimi. Sikuuliza tena mpaka leo. Dada, watu wote wameshawahi kunidanganya, lakini yule mwanamke hakunidanganya hata siku moja."

Upepo ukapita. Dada Pasi alikuwa na maneno yake yote mdomoni, yamepangwa tangu kwenye basi. Alimwona mama yake, amesimama mlangoni na mtoto anayevuja damu, ameapa kiapo cha uongo ili mtoto alale. Kulitamka lile neno sasa ni kumchimbua marehemu na kumwita mwongo mbele ya mtoto anayemlilia. Na hilo titi, jamani. Aliyenyonyesha wiki zile za kwanza kwa shangazi, milango imefungwa, alikuwa nani?

"Mama ni mmoja, sitafuti wa pili," kijana aliendelea. "Lakini si wanasema dada mkubwa ni mama? Usimame mahali pake, hata kwa simu, uongee na wale wazee. Na ukiniruhusu, kuanzia leo nikuite mama."

Alichokitaka maisha yake yote kilikuwa hapo, kimeletwa kwa heshima, na kimeletwa kama cha kuazima. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema watu, lakini hawasemi mzazi aupeleke wapi.

"Niite," alisema Dada Pasi.

Kijana akajaribu. Neno lilimbana kidogo kama kiatu kipya, akaona haya, akalirudia. Kisha akakumbuka na kumuuliza lile jambo lake ni lipi. Dada Pasi akasema ni la mashamba tu, wataongea siku nyingine.

Jioni kijana alimsindikiza uwanja wa ndege. Akampangia begi kwenye kitoroli, akamwagiza ale, akamwambia, "Safari njema, mama," mara hii bila kusita. Dada Pasi alipita mlango wa wasafiri, akageuka, akamwona bado amesimama anapunga mkono. Hakulia. Alijiona amekishinda kilio.

Ndani ya ndege alikaa karibu na bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba, msemaji sana, aliyekuwa amewaona kule nje wakiagana. Bibi akafunga mkanda, akauliza kama yule kijana aliyekuwa akipunga mkono ni mdogo wake. Akaongeza kwamba wamefanana hadi masikio.

Dada Pasi aliangalia mbele. Hapakuwa na mtu aliyemjua ndani ya ndege ile.

"Ni mwanangu," alisema.

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa mwenyewe. Ndiye pekee."

"Basi hongera sana, mwanangu," alisema bibi, akampigapiga kwenye goti. "Umezaa."

Hongera ya mtoto yule hakuwahi kupewa na mtu. Siku waliporudi kutoka kwa shangazi, waliokuja kutazama mtoto walimpa mama yake, na yeye alikuwa amekaa pembeni na kifua kinachouma, anakunja nepi. Akataka kumjibu bibi asante. Akalia kwa sauti, mbele za watu, na bibi wa watu akamshika mkono, akimwambia asijali, watoto wakikua ndivyo walivyo, wataonana tena.