Mara Sita

Ofisini kwetu Kitale waliniita Injinia, kwa sababu tu nilijua kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Nami nikavimba kichwa. Kwa hiyo kompyuta ya dada yangu ilipoanza kugongagonga ndani, alinipigia simu mimi, na nikafika kwake Bumula asubuhi na mapema nikijiona mwokozi.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na sauti ya mama. Dada alimrekodi akisimulia na kuimba, kabla kiharusi hakijamnyang'anya maneno. Mama yu hai, anakula, anatutazama, lakini hasemi. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Niliiwasha. Ikagonga, ikazima. Nikaiwasha tena na tena, nikaipiga kofi ubavuni, huku nikimweleza dada mambo ya mitambo ambayo hata mimi sikuyaelewa. Mwishowe tukaipeleka Bungoma mjini.

Fundi wa kwanza hata hakuifungua. "Hiyo ni vairasi tu, bana. Napiga fomati, saa moja unaenda nayo."

Nilimwamini, aibu yangu, kwa kuwa alizungumza kama mimi.

"Na sauti ziko ndani?" dada akauliza.

"Ah, hizo zitafutika zote. Lakini mashine itapona."

Nikainyakua kompyuta mezani pake.

Fundi wa pili, mwanamke wa makamo aliyekaa nyuma ya duka la simu, alikataa kuiwasha. "Tangu ianze kugonga, imewashwa mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema.

Akanitazama. "Madam, mimi sijui kama itapona. Ukinidanganya, nitaimaliza mimi mwenyewe."

Dada alikuwa ananiangalia.

"Mara sita. Na nimeipiga."

Hakunigombeza. Aliifungua kompyuta, akatoa diski yake, akatuuliza tunataka rekodi gani kwanza, maana huenda ya pili isifikiwe. Tukamtajia. Akanakili moja moja, kimya, sikio ameliinamisha karibu na diski. Zilitoka tatu. Kwenye ya nne, diski ikanyamaza moja kwa moja.

"Na kama tungekuletea leo asubuhi, kabla ya kuwashwawashwa?" dada akauliza.

"Pengine zote zingetoka. Sijui."

Njia nzima dada aliipakata kompyuta yeye mwenyewe, hakuniachia niiguse. Afadhali angenitukana.

Jioni, nyumbani kwa dada, tulimwekea mama rekodi zile tatu. Alisikiliza macho ameyafumba, kisha akaninyooshea kidole kimoja, anataka nyingine. Nikamwekea ya kwanza tena. Akatikisa kichwa, kidole kikabaki juu.