Mahali Pasipoonekana Nchi

Karani wa boma la Dodoma alishakufa zamani, na kumsema marehemu si adabu. Mniwie radhi, maana mimi nitamsema. Nimekwenda safari nyingi za shida, kuuguza na kuzika, lakini safari ya kutembea tu nimekwenda moja, ya meli, na mama yangu, enzi za Wadachi, ndio Wajerumani. Nikiikumbuka naanza kucheka peke yangu. Nakumbuka gari la moshi, nakumbuka mkate wenye sukari tulioula Kilwa, nakumbuka mama akiijibu honi ya meli kwa kigelegele. Halafu sura ya yule karani inaingia katikati na kicheko kinanikauka.

Niwaeleze tangu mwanzo. Baba yangu alikuwa mpagazi. Kabla reli haijafika kwetu alibeba mizigo ya watu hadi pwani, na safari moja yeye na wenzake walipakiwa melini kupeleka mizigo Kilwa. Aliporudi alikuwa na habari moja tu. Alisema meli ikishakwenda sana hufika mahali ambapo ukigeuka huku hakuna nchi, ukigeuka kule hakuna nchi, pande zote ni maji hadi yanapokutana na mbingu. Alikuwa akilisimulia hilo polepole.

Sasa sisi Wagogo ni watu wa uwanda. Nchi yetu ni tambarare, lakini popote utakaposimama utaona kilima, na kilima ndicho kinachokwambia uko wapi. Mtu akikwambia kuna mahali pasipo na kilima wala nchi yenyewe, utadhani anakucheza shere. Mama hakukubali hata kidogo. Siku moja kwenye pombe ya mavuno, baba akisimulia tena mbele ya wenzake wa rika, mama akasimama na kibuyu mkononi, akamwita mwongo. Akasema hata mwewe huko juu hajui sehemu isiyo na nchi. Wanaume wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Tangu siku hiyo baba akawa mwongo wa maji, na watoto wadogo wakawa wanamwita hivyo akipita na ng'ombe wake. Hakumgombeza mama, wala hakusimulia tena habari za bahari. Alikufa miaka miwili baadaye.

Kisha mke wa kaka yangu akajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, na kwa desturi ya nyumbani kwetu alitakiwa kupewa jina la babu yake. Wazee watatu waliobaki wa rika la baba wakakataa. Walisema hawatakaa kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina la mwongo. Hao hao waliokunywa pombe yetu na kucheka! Mama akawaambia analifuta neno lake. Mkubwa wao akamwambia kwamba neno lililosemwa mbele ya rika linafutwa mbele ya rika, lakini linafutwa na mtu aliyeona, si na mtu aliyeona huruma. Wewe hukwenda, akasema, hukuona, utalifutaje?

 Mama alikaa siku kadhaa akisukasuka maziwa yake toka asubuhi hadi jioni, hata nikaanza kuogopa. Kisha akaniambia, "Kama alikuwa mwongo, nijue nilisema haki. Kama hakuwa mwongo, nijue nilimfanya nini."

Reli ilikuwa imeshafika Dodoma, na mama alikuwa akiuza samli kwa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni. Huyo Mhindi ndiye aliyetueleza habari za meli ya Kilwa, kwamba mtu yeyote mwenye tiketi hupanda na kukaa juu kwenye sitaha, akatazama anachotaka. Mama akaniuliza sitaha ni nini. Nikamwambia labda ni kama juu ya paa bapa la tembe letu, pale tunapoanika mtama. Akafurahi, akasema basi hapo ndipo atakapokaa.

Watu walituchosha kwa maswali. Nani anaumwa huko pwani? Nani amekufa? Mnapeleka nini kuuza? Mama akawa anawajibu kwamba tunakwenda kutembea, nao wakawa wanatazamana. Ilikuwa lazima kwanza tupate barua ya boma ya kuturuhusu kusafiri, na huko ndiko tulikokutana na karani, mtu wa pwani, kanzu nyeupe pe, kalamu sikioni. Naye akauliza tunakwenda kufanya nini. Mama akamwambia kutembea. Karani akacheka kidogo, akatutazama kuanzia nywele hadi miguu, akaandika, akagonga mhuri. Hatukujua kusoma, mama wala mimi. Mama alimshukuru sana. Tena alimpa kibuyu cha samli, samli nzuri, ya ng'ombe wetu wenyewe. Mpaka leo kile kibuyu kinaniuma kuliko tiketi.

Mama alijipamba kama anayekwenda harusini. Alipaka mafuta na udongo mwekundu, akavaa shanga zake zote na bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Garini alikaa dirishani, na kila kilima kilichopita alikisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," kama jirani. Tulipoteremka kuelekea pwani na kuiacha nchi yetu kavu, miti ikawa mirefu na mibichi, akasema watu wa huku lazima wawe wavivu, mvua yote hii. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Sijawahi kumwona mama yangu vile, kabla wala baadaye, akiwa hana mzigo kichwani wala mtu wa kumpikia.

Asubuhi ya kuondoka kwa meli, pale pwani gari la moshi lilipoishia, tulipelekwa kwa mashua hadi ilipotia nanga, tukapanda ngazi, na mama akakanyaga sitaha. Hatua kumi hivi. Honi ikalia, yeye akaijibu kwa kigelegele, mabaharia wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Bandari ilikuwa imetuzunguka, minazi huku, nyumba nyeupe kule. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nchi bado ipo. Tusubiri."

Ndipo alipokuja msimamizi wa jikoni, mtu mwenye sauti kali na kitambaa begani, akataka barua yetu. Akampa mwenzake aisome, wakazungumza, wakatuambia tushuke chini. Mama akamwonyesha tiketi. Yule bwana hakuitazama tiketi. Alikuwa anatazama barua, na barua, kumbe, ilisema sisi ni watumishi tunaomfuata bwana wetu Kilwa. Watumishi! Bwana gani? Tangu lini mama yangu amekuwa na bwana zaidi ya yule aliyemzika? Nilijaribu kueleza, Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuungaunga, na kwa hasira ndiyo kabisa kikanipotea. Tukashushwa. Tukapewa visu na gunia la viazi ulaya.

Mimi nilikuwa msichana mwepesi, nimejifunga shuka safi, kwa hiyo nikapewa kazi ya kupandisha vyombo juu na kuviteremsha. Mama akakatazwa asipande kabisa, ati udongo wake utachafua viti vya abiria na mafuta yake yananuka. Yale mafuta aliyojipaka kwa ajili ya siku ile! Jikoni kulikuwa na tundu moja la duara, kubwa kama sahani, na mama alichungulia hapo. Aliona maji. Lakini hata kwetu, mvua ikijaza bonde la Bahi, ukichungulia tunduni utaona maji tu. Baba alisema ukigeuka pande zote, na mama alikuwa anataka kugeuka.

Mchana nilipandisha sahani za supu. Niliziweka mezani, nikainua macho, nikasahau kilichonipeleka. Nikageuka nyuma tulikotoka. Nikageuka mbele. Nikazunguka mzima mzima, abiria wananitazama kama nimerukwa na akili. Hapakuwa na kilima, hapakuwa na mti, hapakuwa na mstari hata mwembamba wa nchi. Nikashika ukingo kwa mikono yote miwili. Sikuogopa maji. Niliona aibu, kwa sababu na mimi nilipokuwa mdogo nilimwita baba mwongo wa maji, tukikimbia na wenzangu.

Nikateremka mbio. Nikamwambia mama, "Tumepafika. Njoo." Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akatengeneza shanga zake, akaanza kupanda. Ngazi ya tatu msimamizi akamzuia kwa mkono. Mama hakumsukuma wala hakumtukana. Alimwambia kwa upole kwamba ana tiketi, kwamba anataka kugeuka mara moja tu, na atarudi kwenye viazi. Msimamizi akapiga kifua chake pale alipoitia ile barua yetu, akasema barua imesema mtumishi, na mtumishi asiyeitwa hapandi. Nililia, nikapiga teke ndoo, maji yakamwagika, nikazabwa kofi. Mama akanishika mkono, akarudi kukaa penye gunia.

"Niambie," akasema.

"Hakuna nchi, mama."

"Umegeuka pande zote?"

"Pande zote."

Akaendelea kumenya viazi. Alimenya viwili, vitatu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba baba yangu alikuwa mtu mvumilivu sana.

Kazi ilipokwisha na tukaruhusiwa kutoka, upande wa kushoto kilikuwa kimeshatokea kisiwa. Kilwa tulikaa siku mbili, na nisiwe mchoyo wa kusema kweli, zilikuwa siku nzuri. Tulikula mkate wenye sukari, tulikusanya makombe, mama alilowesha miguu akawa anayakimbia mawimbi kama mtoto. Meli ya kurudi iling'oa nanga jioni, ikasafiri gizani usiku kucha, na alfajiri minazi ya bandarini ikawa mbele yetu. Gizani hata mwenye macho mazuri haoni kama nchi ipo au haipo.

Garini mama akaniambia nimsimulie. Nikamsimulia. Akaniambia nirudie. Akawa ananihoji: maji ya mbali yalikuwa na rangi gani, na ya karibu? Mbingu ilikuwa imeshuka kiasi gani? Moyo ulifanya nini? Tulifika Dodoma nimeshasimulia mpaka midomo imenikauka, na yeye anatikisa kichwa polepole, anasogeza midomo.

Hapo ndipo nilipoharibu mimi. Hasira zilinipanda, nikamwacha mama stesheni na mizigo, nikaenda moja kwa moja bomani kwa yule karani. Nikamwambia mbele za watu kwamba ametuandika watumishi na mama yangu amemenyeshwa viazi. Unajua alisema nini? Alisema alitusaidia. Alisema angeandika tunatembea, nani angeamini, tungerudishwa njiani, kwa hiyo tulipaswa kumshukuru. Tena alisema kwa huruma, na hilo ndilo lililonikata maini. Watu barazani wakacheka, habari ikatoka bomani ikafika kwetu kabla ya jua kutua. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimerithi mdomo wake.

Siku ya jina ilipofika, wale wazee watatu walikuja, wakaketi nje ya zizi, mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake. Mama yangu alisimama mahali pale pale aliposimama na kibuyu. Akasema, "Niliwaambia mume wangu ni mwongo. Nimekwenda. Nimeona." Akasimulia. Akawaeleza maji ya karibu na maji ya mbali, akawaeleza mbingu, akawaeleza jinsi alivyozunguka mzima mzima na watu wakimtazama, na alivyoshika ukingo kwa mikono yote miwili. Yalikuwa maneno yangu, yote, lakini kinywani mwake yalikuwa mazito, na mimi niliyeona kwa macho nikaona upya.

Mama yangu hakuwa mtu wa uongo. Alimwita mumewe mwongo kwa sababu uongo ulimchukiza kiasi hicho. Na pale alisimama mbele ya wanaume akidanganya ili kweli ya mumewe isikike, kwa sababu ya neno moja la karani aliyeona ni rahisi zaidi kumwandika mwanamke wa Kigogo mtumishi kuliko kumwandika msafiri. Sijalisamehe hilo. Nimezeeka na sijalisamehe.

Yule mkubwa wa wazee akakohoa. Akasema wamesikia habari za bomani, kwamba tulikuwa chini jikoni, tunamenya viazi, na aliyekuwa jikoni hawezi kuwa ameona.  Mama hakuwa amejifunza jibu la hilo. Kaka yangu akainamisha kichwa. Basi nikasimama, mimi msichana ambaye hakuna aliyeniuliza, nikamwamkia yule mzee kwa heshima zote.

"Babu," nikasema, "bomani niliona haya kujitaja. Jikoni nilikuwa mimi. Mama alikuwa juu."

Akanitazama, akauliza kama mimi basi sikuona chochote. Nikamwambia niliona viazi.

Wakacheka, safari hii wakinicheka mimi, na mtoto akapewa jina. Sasa ni mtu mzima mwenye ng'ombe wake, na kila anapoitwa kwa jina la baba yangu naitika moyoni. Hii ni mara ya kwanza nasema kwamba niliyeona ni mimi.