Asante Anayoisubiri Mwalimu Mbonde

Usiku ule wa kuamkia Jumatatu sikutegemea hata kusinzia. Binti yangu Neema, yuko kidato cha pili, alichapwa mgongoni akagoma kusema "asante mwalimu". Shuleni kwao, kama ilivyokuwa kwetu, fimbo haijaisha mpaka aliyechapwa ashukuru. Dastani, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, akaamua: Jumatatu Neema apige magoti mbele ya shule nzima ashukuru, la sivyo asirudi tena.

"Mama, nikaseme?" Neema aliniuliza.

Nikamwambia alale kwanza.

Huyo Dastani namjua. Alikuwa kiranja mkuu wetu. Yeye ndiye aliyenishika mikono siku Mwalimu Mbonde aliponizaba kofi lililoziba sikio langu la kushoto hadi leo. Yeye ndiye aliyempigisha magoti rafiki yangu Rehema juu ya kokoto, juani, Rehema analia anaumwa, Mbonde anasema anajifanya. Wiki ileile tukamzika. Mimi shule nikaiacha hapo hapo. Leo Dastani anasimama kwenye vikao na tai yake: "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu!" Watu gani? Rehema amekuwa mtu gani?

Basi, usingizi uliponichukua nikajiona niko jikoni natafuta chumvi. Nikafungua kopo, limejaa kokoto. Naingiza mkono nizitoe, na jiko si jiko tena, ni uwanja wa shule yetu, jua linachoma, na Rehema amekaa juu ya tofali anavuta soksi zake.

"We Tatu! Ndiyo umenenepa hivyo?"

"Nimezaa, mwenzangu."

"Mimi bado kidato cha pili. Sijafaulu, sijafeli." Akacheka kwa kile kicheko chake cha puani, na ndipo nikashtuka: nimemsikia kwa sikio la kushoto.

Ile rimu ya gari, kengele yetu, inagongwa. Tumeshapanga mstari. Mbele amesimama Mwalimu Mbonde, hajazeeka hata unywele, na Dastani pembeni yake, juu koti na tai ya vikao, chini kaptula ya shule. Katikati, juu ya kokoto, amepiga magoti Neema wangu, na nyuma yake safu ya wengine. Fimbo inapanda, inashuka, haina mlio. Halafu Mbonde anaweka kiganja sikioni, kama alivyozoea.

"Sisikii!"

Neema ananitazama mimi. Mdomo wangu mzito. Asante iko hapa, kwenye ncha ya ulimi, nataka niitoe mimi kwa niaba yake yaishe, turudi nyumbani. Rehema ananiinamia sikioni.

"Usimpe. Yangu anaisubiri mpaka leo."

Nikatoka kwenye mstari. Nikamshika Neema mkono, nikamwinua. Na sauti iliyonitoka sikujua kuwa ninayo.

"Mbonde, sikio langu uliliziba wewe! Dastani, ulinishika mikono! Rehema alikuwa anaumwa na nyie mlijua!"

Kisha mmoja akainuka, na mwingine, na mstari mzima wa waliopiga magoti unainuka, kokoto zinadondoka kutoka magotini mwao kwa kishindo cha mvua juu ya mabati. Dastani anavuta kaptula chini ifike magotini, haifiki.

"Jamani, jamani, sisi tulichapwa na tumekuwa..."

"Tumekuwa nini, kiranja?" Rehema anamuuliza, na uwanja mzima unaangua kicheko. Wanafunzi wanampita Mbonde kama vile wanapita mlingoti wa bendera. Yeye bado kiganja sikioni, anasubiri, na hakuna wa kumpa.

Rehema ameshafika getini. Viatu vyake havina vumbi.

"Mwambie mtoto hakukosea," akasema, akatoka bila kugeuka.

Nikafumbua macho. Kumekucha. Sikio la kushoto limeziba kama siku zote, lakini kifua chepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Neema amesimama mlangoni, ameshavaa sare, macho yamevimba.

"Mama, nikaseme?"

"Hukukosea, mwanangu. Hakuna asante. Nitafutie kanga yangu ile nzuri, twende wote. Leo nasema mimi, na naanza kwa kuwataja majina."