Muhogo Juu ya Divine

Wakati wa vita, wanajeshi walikuwa wakifukua makaburi mapya ya bonde la Kalumbi, huko Pangi, wakitafuta dhahabu iliyofichwa. Basi watu wakawa wanazika bila tuta wala msalaba, kisha wanapanda muhogo juu. Hivyo ndivyo Mama Pélagie alivyomzika bintiye Divine, wa miaka tisa, aliyekufa kwa homa mwaka 1999. Muhogo ule hakuna aliyethubutu kuula.

Miaka kumi na mitano baadaye wakaja wapimaji wa kampuni, na walinzi wenye bunduki nyuma yao.

"Mama, makaburi iko hapa?"

"Hapana. Iko mashamba tu."

Hofu ilimjibia. Akatia alama ya kidole gumba kwenye karatasi yao, na bonde likageuzwa bwawa la kuoshea dhahabu.

Pélagie akahamia Kindu, akauza mawese. Lakini kila kiangazi bwawa lile lilinuka muhogo uliolowekwa, na mchana kweupe kulisikika kinu kikitwangwa chini ya maji. Wakubwa wa kampuni, ofisini kwao, walicheka. Wao hawakwenda kusikiliza. Pélagie alizunguka parokia na misikiti akikusanya sahihi ili bwawa livunjwe, na kila mahali alikiri uongo wake, aibu ikimchoma. Alitaka mtoto wake atoke majini, basi.

Mwaka huu kamati iliyopelekewa sahihi hizo ikakubali: maji yashushwe siku tatu, na likionekana kaburi hata moja, bwawa livunjwe.

Maji yaliposhuka, tope lilikuwa tupu, isipokuwa mashina saba ya muhogo, yamesimama wima, majani mabichi kabisa. Vibarua wakatupa majembe. Hata mkuu wa kamati, Papa Zéphirin, mtu wa maneno mengi, alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama," alisema, "bila mufupa siwezi kuandika kitu."

Pélagie akaelewa, na moyo ukamuuma: kazi ya wale wanajeshi sasa ilikuwa yake. Akashika shina alilolipanda mwenyewe juu ya Divine. Halikutaka nguvu, lilinyanyuka lenyewe, kana kwamba mtu analisukuma kutoka chini. Akachimba kwa mikono huku akilia, mpaka akafikia kipande cha kitenge, na ndani yake mkono mdogo, shanga zingali kwenye kifundo.

Hakugeuka.

"Andika, papa. Divine, miaka kenda. Mimi mama yake ndiye nilisema kaburi haiko."