Ziwa Lililochimbwa kwa Mikono

Cheka ukitaka, lakini mume wangu yuko hai, na viganja vyake utaviona ukija kwetu Lubaga. Haya sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona mwenyewe, kabla jua halijazama, nikiwa na akili zangu timamu.

Mume wangu, Baba Neema, ni Mkenya, anauza beseni na ndoo kule soko la Kikuubo. Wenzake wa dukani walimfundisha mchezo mmoja: watu huficha vikopo mahali penye historia, simu inakuelekeza, ukikipata kikopo unachukua kitu kidogo na kuacha chako. Mchezo huo ulinifikisha kwenye makaburi na majengo ya zamani ambayo mimi, binti wa askari niliyezaliwa hapa hapa Kampala, sikuwahi kuyajua. Jumapili moja simu ilituelekeza kwenye Ziwa la Kabaka.

Ziwa hilo lilichimbwa na watu. Kabaka wa zamani, mfalme wa Buganda, aliamuru, wakachimba wakubwa kwa wadogo. Hata mpita njia hakuachwa: ulitia mkono kwanza, ndipo upite. Walitaka mfereji ufike hadi ziwa kubwa la Nyanza, ila kazi haikuisha. Majirani walikuwa wakinieleza, nami naitikia tu.

Nyuma ya matete tulimkuta mzee akichimba tope kwa mikono, amejifunga nguo ya magome ya mti kiunoni. Kwa Waganda, ukimkuta mtu kazini humpiti kimya. Nikapiga magoti nikamshukuru kwa kazi: "Gyebale ko, ssebo." Akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akasema kwa Kiganda kwamba anayepita atie mkono.

Mimi nimelelewa kambini. Amri kwanza, maswali baadaye. Nikainama, nikatoa tonge la udongo. Baba Neema akacheka.

"Mzee, mimi natafuta kikopo. Sikuja Uganda kulima."

"Baba Neema, tia mkono tu. Utapungukiwa nini?"

"Aa, mama, acha hizo." Akapita, akaingia kwenye matete.

Hakutokea upande wa pili. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikampigia simu. Unajua ililia wapi? Chini ya udongo, mbele ya magoti yangu!

Wee, nilichimba! Nilichimba kwa kucha, nikilia, nikimwita Mungu kwa dini zote mbili za kwetu, ya mama na ya baba. Simu ikikatika napiga tena, maana niliamini ikinyamaza nimempoteza mume wangu. Yule mzee akachimba kando yangu.

Vidole vilipoigusa simu, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Baba Neema! Viatu vikavu, shati safi, lakini viganja vimechubuka hadi nyama, utadhani ameshika jembe msimu mzima. Nikageuka kumwangalia mzee. Hayupo, na pale alipokuwa akichimba pameota majani.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kazini," akasema.

Vidonda vilipona vikawa sugu. Lakini niamini, mume wangu hawezi tena kumpita mtu anayechimba. Mtaro wa bomba, msingi wa nyumba, kaburi la asiyemjua: anavua shati, anaomba jembe. Duka sasa nalishika mimi. Baba yangu alipofariki, mume wangu alichimba kaburi peke yake, akakataa kupokewa, na kaka zangu wakamsifu kwa mapenzi yake kwa mkwewe. Mimi nilijua ni lile ziwa. Alipotoka shimoni nikamshika mkono, nikamsihi kwa machozi aniambie kwamba sasa imetosha.

Akaniangalia kwa huruma. "Mama Neema," akasema, "mfereji bado haujafika."

Basi wewe unayezunguka na simu kutafuta yaliyofichwa, sikukatazi. Ila ukimkuta mtu kazini, mshukuru, na akikuomba mkono, mpe. Tope la tonge moja linanawika. Hili la mume wangu naliosha kila jioni, na asubuhi nalikuta kwenye kucha zake.