Mtungi Wenye Kamba ya Katani

Enzi zetu kule Kinyangiri, sisi tuliokwenda shule na ufagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, soda tuliiona Krismasi tu. Kinywaji chetu kilikuwa togwa ya Bibi. Tukitoka shule tumechoka kwa rede na kombolela, vumbi mpaka kwenye kope, tunamkuta anakoroga uji wa mtama na kimea, na harufu yake inatupokea tangu kwenye boma la ng'ombe. Tunapiga magoti, shikamoo Bibi, marahaba, ndipo kata inazama mtungini. Jamani, utamu ule! Watoto wa siku hizi ukiwapa togwa wanauliza kama ina ladha ya embe.

Bibi alikuwa na mitungi miwili. Mmoja ulikuwa wa pombe, wa siku anapoalika majirani kuja kulima. Wa pili ulikuwa wetu, na shingoni aliufunga kamba ya katani ili hata mgeni asikosee. Siku ya kualika jembe wakubwa walikunywa na kuimba, sisi tukakaa upande wetu na mtungi wetu. Ukisogelea ule mwingine, mama yeyote aliyekuwa karibu alikufinya sikio, na nyumbani hukuthubutu kusema. Nilimuuliza Bibi siku moja kwa nini asitumie mtungi mmoja, akishauosha vizuri. Akanijibu, "Huu umeshashika chachu, mjukuu wangu. Hauosheki. Ukiweka togwa humu, watoto watalewa."

Nilisikia, nikacheka, nikakimbilia kucheza mdako. Miaka ikapita, Bibi akatutoka. Tulipogawana vyombo vyake mimi niliomba mtungi, basi. Kamba ilikwishaoza zamani, na nani angekumbuka upi ni upi? Nikauweka sebuleni kwangu Kiomboi, na kila nikiufuta vumbi nilitamani kumsikia tena akiniita.

Mwaka huu kitindamimba wangu, Elia, miaka kumi na minne, alipata kipaimara. Nikasema sherehe hii haitakuwa ya kreti za soda peke yake. Nikapika togwa Ijumaa, nikaimimina kwenye mtungi wa Bibi. Jumapili nilipofunua, ilikuwa imefanya povu, na harufu ikanipiga usoni. Machozi yalinitoka. Nikajua hiyo ndiyo harufu ya kwa Bibi. Kweli ilikuwa yenyewe, ila ya siku za kualika jembe, na mimi kwa kumkumbuka kwangu sikuitenganisha.

Wenzake Elia walionja, wakakunja nyuso, wakarudi kwenye soda zao. Elia akaona nimenyong'onyea. Akanywa bakuli la kwanza, la pili, la tatu, kila mara akinitazama nami nikimsifu mbele ya wageni. Alipoanza kupepesuka, watu wazima tulicheka. Naandika hili kwa aibu: mimi nilicheka kuliko wote. Kisha akatapika, akalala, na nilipomwita hakuitika.

Tulimkimbiza hospitali mchana ule ule, mimi nimemkumbatia, naomba Mungu njia nzima. Daktari alisema sukari yake ilikuwa imeshuka sana. Mwili wa mtoto hauhimili pombe, alisema, na anayelala hivyo anaweza kupaliwa na matapishi au kuacha kupumua, na sisi wazazi tunadhani amepumzika. Elia alifumbua macho jioni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, nimeimaliza."

Kesho yake mtendaji wa mtaa alikuja nyumbani. Kijana mdogo, akaniamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, kisha akanieleza nisichotaka kusikia. Kumpa au kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka kumi na minane kunaweza kukufikisha mahakamani, faini au kifungo, na ya kienyeji ni pombe vilevile. Nikamwambia, "Lakini mimi ni mama yake." Akajibu taratibu, "Ndiyo maana wewe ndiye utakayeulizwa wa kwanza, mama." Safari hii aliniachia onyo.

Enyi wa rika langu, tunapenda kusema vijana wa leo wameharibika, wanabeba vichupa vya pombe kali mifukoni. Lakini nani anawatuma dukani kutununulia bia? Nani anamwonjesha mtoto povu la glasi na kucheka? Bibi hakuisoma sheria yoyote, wala hakujua kusoma. Alikuwa na kamba ya katani na majirani wa kufinya masikio, na katika boma lake lote sikuwahi kuona mtoto amelewa.

Nimeutoa mtungi sebuleni, nimeuweka stoo. Nimeagiza mwingine mpya, na kamba nimeisokota mwenyewe. Namkumbuka Bibi mpaka kifua kinaniuma. Nimepika togwa tena, nikamwita Elia aje aonje. Akasimama mlangoni, akaniuliza kwa adabu kama anaweza kunywa maji tu.